Kizimba Kilihama, Onyo Likabaki Ufuoni

Saa kumi na dakika hamsini alfajiri, mwezi wa Novemba, boti ya mbao iliyotoka visiwani kuelekea Mbita, Ziwa Victoria upande wa Kenya, ilipanda juu ya kona ya kizimba cha kufugia samaki. Nasema ilipanda kwa sababu ndivyo nahodha alivyoeleza. Haikuwa kishindo cha gari na ukuta. Pua iliinuka taratibu, abiria wakateleza nyuma juu ya magunia, injini ikalia kwa sauti ya ajabu kisha ikazima, na katika ule ukimya wakasikia samaki wakirukaruka gizani pande zote mbili za boti.

Ndani mlikuwa na watu 9, magunia 14 ya omena, dagaa wa ziwani, na kreti tupu za soda zilizokuwa zikirudishwa mjini. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja muuza omena alivunjika mkono, mguu wa injini ukakatika, wavu wa kizimba ukapasuka, na ngege (tilapia) kama 2,000 waliobakiza mwezi mmoja tu wavunwe wakajiendea ziwani.

Siku ya tano nikapigiwa simu na mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuo huo. Mimi nilikaa melini miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani Kisumu, na siku hizi nafundisha manahodha wa boti ndogo, kwa hiyo ugomvi wa majini huwa unanifikia hata nisipoutafuta.

"Jaduong'," akasema, yaani mzee wa heshima, "mwenye vizimba anataka pesa ya samaki, nahodha anataka pesa ya injini, na kila mmoja ana haki. Njoo."

Maneno hayo ya kila mmoja ana haki nilidhani ni upole wa mtu anayetafuta kura. Nilikaa pale siku mbili nikaona alikuwa anasema jambo lilivyo. Majina ya watu na ya ufuo nimeyaacha, na namba za GPS pia, maana shauri lenyewe walishalimaliza na hawahitaji wageni.

Maji yenyewe

Kwa asiyeyajua maji yale: Ghuba ya Winam, ile inayoanzia Kisumu, imekaa kama chupa iliyolazwa, na shingo yake iko kati ya kisiwa cha Rusinga na rasi ya Uyoma. Mbita iko pale Rusinga inapokaribia kugusana na bara. Ukitoka Mbita kwa upande wa magharibi unaingia ziwa kubwa: Rusinga mkono wa kulia, bara mkono wa kushoto, na mbele yako visiwa vya Takawiri na Mfangano. Ukirudi kutoka visiwani, kama boti yetu, mambo yanageuka, bara linakuwa kulia kwako. Shika hilo, tutalihitaji.

Boti za mbao hazifuati maboya. Mchana nahodha anapanga alama mbili za nchi kavu, mti fulani na bega la mlima, akiziona zimenyooka mstari mmoja anajua yuko njiani. Usiku anatumia taa za Mbita na upepo wa alfajiri unaotoka bara, anaousikia kwenye shavu. Ni elimu ya kweli na siidharau hata kidogo. Udhaifu wake ni kwamba alama nazo huhama. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda hadi kuipita kidogo rekodi ya 1964, magati, vyoo vya ufuo na mabanda ya kupimia samaki yalimezwa, na mwaka 2024 maji yakapanda zaidi ya hapo. Nahodha wetu alikuwa na gati la zamani la mawe alilolitumia kama alama tangu ujana wake. Siku hizi liko chini ya maji, na badala ya kumwelekeza njia limekuwa kitu cha kukwepwa.

Vizimba navyo ni wageni. Miaka 15 iliyopita ungevihesabu kwa vidole upande wa Kenya. Leo ni maelfu, kutoka Busia na Siaya hadi Kisumu, Homa Bay na Migori. Vingi ni fremu za chuma zilizofungwa juu ya mitungi ya plastiki, wavu ukining'inia chini, na kamba zinazoshuka hadi kwenye magunia ya mchanga au vipande vya zege. Kwa mbali mchana unaona kama gati lililokatika likaachwa maji yalichukue. Usiku huoni kitu, maana fremu haizidi urefu wa goti juu ya maji.

Siku 21

Mwenye vizimba ni mwalimu mstaafu, na ufuoni wote wanamwita Mwalimu. Alinipokea na simu mkononi, ujumbe ameshaufungua, tarehe na saa vinaonekana. Ulikuwa umetumwa kwenye kundi la WhatsApp la ufuo Jumanne jioni, siku tatu kabla ya ajali, na nakala yake ilibandikwa kwenye ukuta wa banda la BMU kwa karatasi ya A4. Naunakili ulivyokuwa:

"Mnajulishwa kwamba vizimba vyetu vimesogezwa mbele kidogo kutokana na hali ya maji. Wote mchukue tahadhari. Asante na Mungu awabariki."

"Sasa niambie, mwanangu," akasema, "kuna kitu gani sikufanya?"

Alikuwa amehamisha vizimba kwa dharura. Upepo ulikuwa umelikoroga ziwa siku mbili mfululizo, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda, na Jumanne alfajiri mlinzi akakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji wakihema. Kila mfugaji wa ziwani anaijua picha hiyo, na anajua kwamba akikawia hadi mchana atakuwa anavua mizoga kwa ndoo. Wakaleta boti mbili, wakakata kamba, wakavuta vizimba vyote 24 kuelekea maji ya kina. Mpaka saa saba mchana samaki walikuwa wanakula tena. Kwa mfugaji, hiyo ilikuwa siku ya ushindi.

Nahodha nilimkuta chini ya mti akisaidiana na fundi kufungua mguu wa injini. Mtu mkimya, umri wa miaka 50 na kitu, simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na WhatsApp, iliyofungwa kwa mpira. Kwenye lile kundi hayumo. Kijana wake wa kazi ndiye aliyemo, na kijana aliuona ujumbe, ukiwa kati ya picha ya mazishi na mabishano ya mpira, akaupita.

"Mimi sikuambiwa vizimba vimehama," nahodha akasema. "Nilichoambiwa ni nipite upande wa bara."

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Nani alimwambia apite upande wa bara?

Ikabidi turudi nyuma wiki tatu. Oktoba, boti iliyobeba makaa ilizama kwenye dhoruba, katikati kabisa ya njia ya visiwani. Watu wake waliokolewa, mwili wa boti ukabaki ukielea nusu, mbavu zake chini kidogo ya uso wa maji. Katibu wa BMU akatuma onyo kwa sauti siku hiyo hiyo: kuna boti imezama njiani, msifuate njia ya kawaida, pitieni upande wa bara. Onyo zuri. Linasema kuna nini, linasema ufanye nini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Halikuhitaji hata WhatsApp. Manahodha walilipitisha mdomo kwa mdomo kwenye gati la Mbita, na hadi usiku hakuna mtu wa boti kutoka Takawiri hadi Sena kule Mfangano ambaye hakuwa nalo, mwenye kabambe na asiye na simu kabisa.

Siku ya 12, mwenye boti ya makaa akakodi vijana, wakafunga mitungi, wakaivuta hadi ufuoni. Mbao nyingine zilishachomwa jikoni nilipofika. Njia ikawa wazi. Hakuna aliyetangaza.

Siku ya 18, Mwalimu akahamisha vizimba. Siku ya 21, boti ikapanda juu yake.

Sasa weka vipande pamoja. Vizimba vilikuwa ndani ya ghuba ndogo upande wa bara. Vikavutwa mita 430 kwenda kaskazini, kuelekea njia ya boti. Nahodha, akitoka visiwani, alikuwa amesogeza mstari wake kulia, kuelekea bara, kwa utii wa onyo ambalo sababu yake ilikuwa imegeuka kuni siku tisa zilizopita. Kama angebaki kwenye njia yake ya miaka yote, angevipita vizimba kwa mbali bila hata kujua kwamba vimesogea. Onyo la kwanza ndilo lililompeleka pale. Na kila siku kati ya hizo tisa alikuwa anachoma petroli ya ziada kuzunguka kitu kisichokuwepo.

Nilipolieleza hili mbele ya wote, Mwalimu alinitazama, akamtazama nahodha, kisha wote wawili wakamtazama katibu. Katibu akasema, "Lakini onyo langu lilikuwa la kweli." Na kweli lilikuwa la kweli, kwa siku 11.

"Mbele" ya nani?

Ujumbe wa Mwalimu nao ulistahili kukaliwa chini. Tuliuchambua neno kwa neno pale bandani, na nakiri nilifurahia zaidi ya ilivyofaa mbele ya mtu aliyepoteza samaki 2,000.

"Mbele." Mwalimu aliandika akiwa amesimama ufuoni, uso ukielekea ziwani. Kwake mbele ni kwenye maji mengi. Nahodha anayetoka Mfangano, uso wake unaelekea Mbita. Mbele yake ni mashariki. Mvuvi aliyelala Rusinga akiamka na kusoma "mbele", anaweza kuelewa vizimba vimerudi bara. Watu watatu, mbele tatu, na hakuna aliyekosea Kiswahili.

"Kidogo." Tulipima, mita 430. Kwa mtu aliyekaa asubuhi nzima akivuta vizimba kwa kamba huku samaki wanakufa, nina hakika hazikuwa kidogo. Kwa boti iliyobeba mzigo ikienda kilomita 12 kwa saa, ni dakika mbili na sekunde chache, yaani muda wa kuwasha sigara, kuikosa kwa upepo, na kuiwasha tena.

"Mchukue tahadhari." Kwa kufanya nini? Niende kushoto? Nipunguze mwendo? Nisitoke usiku? Nimesikia neno tahadhari likitumika redioni, makanisani na kwenye matangazo ya kaunti hadi limekuwa kama "ahsanteni kwa kufika", limebaki adabu tu. Onyo la boti ya makaa lilisema pitieni upande wa bara, na watu wakapita. Hili lilisema mchukue tahadhari, na kila mmoja akaichukua akaiweka mfukoni.

Halafu ujumbe haukuwa na tarehe ya kuanza wala dokezo la mwisho. Je, vizimba vitakaa huko wiki, mwezi, milele? Na haukusema chochote kuhusu onyo lililokuwa hai kichwani mwa kila nahodha. Mwalimu hakujua kwamba boti zote zilikuwa zinapita upande wake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hapiti usiku ziwani. Mtu pekee aliyejua maonyo yote mawili alikuwa katibu, na yeye alibandika karatasi ya pili kwenye ukuta bila kuitazama ya kwanza, iliyokuwa bado imening'inia pale pale, shibiri moja kushoto.

Niliziona zote mbili ukutani. Nilizipiga picha.

Jinsi meli zinavyofanya

Kwenye meli, afisa wa pili ndiye mwenye ramani. Uingereza imekuwa ikitoa Ilani kwa Mabaharia tangu 1834, na siku hizi hutoka kila wiki: taa fulani imezimwa, boya limehamishwa, meli imezama mahali fulani, kina kimepungua. Kabla ya ramani za kielektroniki kuchukua nafasi, kazi ilikuwa ya mkono. Unakaa na kalamu ya wino wa zambarau yenye ncha ya sindano, unalikata boya la zamani, unachora jipya, kisha kwenye kona ya chini kushoto ya ramani unaandika mwaka na namba ya ilani. Na ilani yenyewe inakutajia namba ya sahihisho lililotangulia kwenye ramani hiyo. Ukiangalia kona na usiione namba hiyo, unajua kuna ilani ilikupita. Huhitaji mtu wa kukuambia kwamba hukuambiwa.

Kitu ambacho watu wa Mbita walikipenda zaidi ni penseli. Kuna ilani za muda, kama boya lililotolewa likatengenezwe. Hizo hatuziandiki kwa wino. Unaziandika kwa penseli, kwa sababu tangu siku ya kwanza inajulikana kwamba utazifuta. Maonyo ya redio nayo yana namba zinazofuatana ndani ya mwaka, na mara kwa mara hutolewa orodha ya yale yaliyo hai. Namba isiyo kwenye orodha imekufa. Kukiwa na mabadiliko, unatumwa ujumbe mfupi mkavu wa kufuta namba fulani, na hakuna anayeuliza kwa nini tunapoteza muda kutangaza kwamba hakuna hatari.

Tofauti nyingine: nahodha wa meli akikutana na hatari barabarani mwake, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unamlazimu aziambie meli zilizo karibu na mamlaka za nchi kavu. Wavuvi wangapi walipita pale boti ya makaa ilipokuwa, wakaona maji matupu, wakaenda zao? Sikuwauliza. Nilijua wangejibu kwamba hakuna aliyewatuma.

Nisije nikawafanya mabaharia wakubwa kuwa malaika. Tarehe 14 Desemba 2002, meli ya Tricolor iliyobeba magari karibu 3,000 iligongana na meli ya Kariba kwenye mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa, ikazama kwa ubavu. Maonyo ya redio yalitoka, meli za ulinzi zikawekwa. Siku mbili baadaye meli ya Nicola ikaligonga lile gofu, yaani mwili wa meli iliyozama. Tarehe 1 Januari 2003, meli ya mafuta ya Vicky nayo ikaligonga. Hao ni watu wenye rada, ramani na makaratasi yote. Baada ya hapo ndipo likabuniwa boya maalumu la gofu jipya, lenye mistari ya wima ya buluu na njano, na taa inayobadilishana rangi hizo mbili, ili kitu kilichotokea jana kisifanane na kilichozoeleka.

Mfumo wa dunia wa maonyo ya redio umeigawa bahari katika maeneo 21, kila moja na nchi inayoliratibu. Ziwa letu halimo, ni maji ya bara. Kwa hiyo nahodha wa Mombasa anayeelekea Mumbai ana orodha ya wiki, na nahodha wa Mfangano anayeelekea Mbita ana ukuta wa banda. Sisemi hili kwa kulalamika. Ukuta unatosha ukitunzwa kama ramani.

Taa kati ya taa

Mwalimu alikuwa ameweka taa. Hilo alilirudia mara nyingi na alikuwa na haki ya kulirudia: taa mbili za sola, nyeupe, kwenye kona za mbele. Ajali ilipotokea zilikuwa zinawaka.

Tulitoka usiku kuziangalia, mimi, Mwalimu na nahodha, kwenye boti ya BMU, saa kumi kasoro. Ulikuwa usiku usio na mwezi, kama ule wa ajali, na usiku wa giza ndio usiku wa omena. Wavuvi wa omena huelekeza taa kwenye maji ili dagaa wakusanyike, na siku hizi karabai zimeacha nafasi kwa taa za sola na betri, nyeupe kali, nyingine zimefungwa kwenye vyelezo na kuachwa zielee peke yake. Tulipotoka nyuma ya kisiwa ziwa likafunguka kama mji. Mamia ya taa nyeupe kutoka Gwassi hadi upeo wa macho.

"Haya Mwalimu," nahodha akasema taratibu, "nionyeshe zako."

Mwalimu alisimama, akashika bega langu, akatazama muda mrefu. Kisha akakaa.

Duniani kitu cha namna hii kina rangi yake. Kwenye utaratibu wa maboya unaotumika nchi nyingi, shamba la samaki huwekewa alama maalumu: boya la njano, na taa ya njano inayometa kwa mpigo usiofanana na wa taa nyeupe za kuongozea. Madukani Kisumu tulikuta taa nyeupe, nyekundu na za rangi zote za disko, ya njano inayometa hakuna. Fundi wa Mbita akalimaliza jambo kwa kisu. Alikata kipande cha mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 20 unaoteka maji kila nyumba, akakivalisha juu ya taa nyeupe inayometa. Kwa mita 300 inasomeka. Mitungi mingine mizima ikafungwa kona zote nne kwa ajili ya mchana.

Namba pia zilihitaji kazi. Kijana wa Mwalimu alikuwa na GPS kwenye simu, inayoonyesha digrii kwa desimali. Kifaa cha BMU kinaonyesha digrii na dakika. Mbita iko karibu na digrii 0 na dakika 25 Kusini. Mtu akisoma 0.25 akadhani ni dakika 25, au kinyume chake, amekosea dakika 10, na dakika moja ya latitudo ni karibu mita 1,850. Hiyo ni kama kilomita 18 na nusu, unaangukia upande wa Uyoma. Na ukisahau kuandika "Kusini", kwa kuwa ikweta iko hapo tu juu yetu, vizimba vyako vitakuwa vinaelea karibu na Nambale, katikati ya mahindi ya watu.

Walivyokubaliana

Nani alikosa? Mwenyekiti alitaka nitaje. Nahodha alienda mwendo ule ule aliouzoea kwenye mstari ambao si wake, na boti yake haikuwa na taa zaidi ya tochi ya kijana. Mwalimu aliandika ujumbe unaoeleweka na aliyeuandika. Lakini mzigo mkubwa niliuweka kwa kamati, kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuwa na karatasi zote mbili ukutani. Mwenyekiti hakufurahi. Aliuliza kama lazima iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, na ikaandikwa.

Pesa sitaieleza yote. Mwalimu aliacha dai la samaki, kamati ikatoa sehemu ya gharama ya mguu wa injini kutoka kwenye ada za ufuo, na hospitali ya mama aliyevunjika mkono ikalipwa na pande zote tatu. Mama mwenyewe alidai pia gunia moja la omena lililolowa, na akalipwa mbele yetu, kwa noti, akazihesabu mara mbili.

Ukuta wa banda ulipakwa rangi nyeusi mita moja kwa mbili. Juu yake, kwa chaki, kila onyo lina namba. Lile la vizimba lilisomeka hivi:

"ONYO 3. Vizimba 24 vimehama. Vilikuwa ndani ya ghuba ndogo, sasa viko mita 430 kaskazini yake. Taa 4 za njano zinameta. Ukitoka visiwani viache mkono wa kulia. Kuanzia Jumanne. Litafutwa vikirudi. ONYO 1 limefutwa, boti ya makaa imetolewa, njia ya kawaida iko wazi. ONYO 2 bado liko hai."

Mimi nilitaka Kiswahili peke yake, kwa ajili ya vijana wa Uganda na Tanzania wanaofanya kazi kwenye boti hizo. Nilishindwa. Kijaluo kiliandikwa kwanza, Kiswahili chini yake, na naona walifanya vizuri. Kwa wenye kabambe inatumwa SMS yenye maneno hayo hayo, na nahodha anajibu kwa namba tu: 3. Asiyejibu hadi jioni anapigiwa simu. Wiki ya kwanza walijibu 11 kati ya 26, wengine wakijibu "amina".

Nilirudi Februari. Vizimba vilikuwa vimerudi ghubani na Onyo 3 lilikuwa limepigwa mstari, tarehe pembeni. Chini yake kulikuwa na "ONYO 3 limefutwa", kwa herufi kubwa kama zile za onyo lenyewe. Onyo 6, la jiwe la gati lililozama, lilisema halifutwi mpaka maji yashuke.

Tatizo lililobaki ni chaki. Inakaa kwenye mfuko wa katibu, na katibu ana mazishi karibu kila Jumamosi. Jumamosi hiyo niliyokuwepo, kijana alikuja mbio kusema kamba ya nyavu za mtu imekatika na zinaelea njiani, na tukazunguka ufuo mzima tukitafuta kitu cha kuandikia. Hatimaye mama mmoja wa omena akatoa kipande cha mkaa kutoka kwenye jiko lake. Mkaa kwenye ukuta mweusi hauonekani. Tukaandika kwenye mlango.